Msichana Asome kwa Ajili ya Nani?

Mwaka 1905, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua shule ya bweni ya wasichana huko Gayaza, kaskazini mwa Kampala. Walioanza walikuwa wanne tu, chini ya mwalimu mkuu Mwingereza, Alfreda Allen. Mwaka uliofuata wamisionari haohao wakafungua shule ya wavulana katika kilima cha Budo, pale ambapo Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, husimikwa. Tangu hapo shule hizo mbili zikawa zinatazamana. Budo ilikusudiwa kuwatoa watawala. Gayaza ilikusudiwa kuwatoa wake wa watawala.

Tusidhani kwamba jambo hilo lilifichwa. Lilisemwa waziwazi, tena kwa fahari. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikuwa umewagawia machifu ardhi na madaraka ya aina mpya. Chifu wa zama hizo hakuhitaji tena mkuki. Alihitaji kusoma barua za serikali, kutunza hesabu za kodi na kumkaribisha mkuu wa wilaya nyumbani kwake. Kanisa nalo lilimtaka awe na mke mmoja, aliyefunga naye ndoa madhabahuni. Wamisionari waliogopa kwamba kijana wao akioa msichana asiyejua kusoma, kesho ataongeza wa pili na keshokutwa atairudia mila waliyotaka aiache. Kwa hiyo mke wa chifu akaingizwa kwenye bajeti ya shule.

Makala haya hayakusudii kuwahukumu wafu. Nataka kuuliza swali ambalo shule zile zilizaliwa nalo na sisi tumelirithi bila kulichunguza: msichana asome kwa ajili ya nani? Maana jibu la mwaka 1905 bado lipo. Huja na suti, hukalishwa meza kuu, husomewa risala, kisha husimama kwenye mahafali ya kidato cha nne na kusema: "Ukimwelimisha mwanamke, umeelimisha jamii nzima." Watu hupiga makofi. Wahitimu, majoho yakiwa yamewaelemea kwa joto, hupiga makofi pia.

Maneno hayo mara nyingi huhusishwa na Dk. James Aggrey, msomi aliyezaliwa Gold Coast mwaka 1875, aliyezunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 akiwa na tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Aggrey alikuwa mtetezi wa kweli wa elimu ya wasichana, na kwa enzi zake alikuwa jasiri. Lakini yatazame maneno yenyewe kwa utulivu. Yanasema kwamba faida ya kumsomesha msichana itaonekana kwa watu wengine. Yeye mwenyewe ni njia tu ya kupitishia.

Ratiba ya siku na somo lisiloandikwa

Wasichana wa Gayaza walisoma Biblia, kuandika, hesabu, kushona na ususi wa mikeka na vikapu. Tena walilima. Katika Buganda, shamba la ndizi lilikuwa la mwanamke. Ndiye aliyepalilia, akakata mkungu na kuilisha nyumba. Wazazi walihofu kwamba binti akishazoea kalamu atalidharau jembe, na binti anayelidharau jembe nani atamposa? Shule ikalijibu swali hilo kwa vitendo: jembe likaingia kwenye ratiba, na binti wa chifu akashika mpini kama binti wa mtu yeyote. Mtoto ambaye kwao kulikuwa na watumishi wa kumtekea maji alijikuta akipalilia tuta lake mwenyewe.

Wapo wanaosimulia habari hii kama kisa cha kuwafundisha unyenyekevu watoto wa wakubwa. Sawa, nalo limo. Lakini tukumbuke jembe lile lilikuwa dhamana kwa nani. Lilikuwa ahadi kwa baba na kwa mkwe mtarajiwa: msichana huyu hatujamharibu, bado anafaa.

Hata kuhitimu kwenyewe kulipimwa kwa kipimo hicho. Katika miaka ile ya mwanzo kwa wengi hapakuwa na cheti kikubwa cha kupigania wala chuo kilichowasubiri. Posa ilipofika na wazazi wakakubaliana, masomo yalikuwa yamekwisha. Kwa mvulana wa Budo, mwisho wa shule ulikuwa mwanzo wa kazi. Kwa msichana wa Gayaza, mwisho wa shule ulikuwa harusi.

Hata hivyo, lilikuwapo somo jingine ambalo halikuandikwa ubaoni. Waliokuwa wakiwafundisha wasichana kuwa wake wema hawakuwa wake za watu. Mwaka 1895, wanawake watano wa CMS walitembea na msafara kutoka pwani hadi Mengo, miaka kadhaa kabla reli haijafika Ziwa Viktoria. Walikuwa mabinti wasioolewa. Alfreda Allen mwenyewe aliitwa "Miss". Basi wasichana wale wa Gayaza walikaa miaka wakimtazama mwanamke aliyeshika funguo zake, aliyeandika barua zake, na ambaye jioni hakuwa na mume wa kumpakulia. Mdomo wake uliwaambia waolewe vizuri. Maisha yake yaliwaambia kuna njia nyingine. Na mtoto, kama ajuavyo kila mzazi, hushika zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa.

Mbweni, kabla ya Gayaza

Kwetu pwani habari hii ina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1871, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba la Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar, wakawapa makazi watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Pale palikuwa na shule ya wasichana. Mwaka 1877 alifika Caroline Thackeray, naye hakuolewa maisha yake yote. Aliiongoza shule ile hadi mwaka 1902, kisha akabaki Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1926. Leo wageni hupiga picha kwenye magofu ya shule hiyo, bahari ikiwa nyuma yao.

Wavulana wa misheni hiyo walisomeshwa Kiungani, si mbali na hapo, ili wawe walimu, mashemasi na makasisi wa kupelekwa bara. Mwalimu anayepelekwa Masasi au Newala alihitaji mke Mkristo, na mke huyo alitafutwa Mbweni. Kumbuka watoto hawa walikuwa akina nani. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, hawakujua kwao, hawakuwa na mjomba wa kupokea mahari wala shangazi wa kuwafunda. Misheni ikawa baba, ikawa mjomba, ikawa mshenga pia. Waliokuwa wepesi wa kusoma walifunzwa ualimu. Wengine walielekezwa kwenye kazi za mikono.

Chukua mfano wa Cecil Majaliwa. Yumo katika historia ya Kanisa kama kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA, aliyepewa daraja mwaka 1890, na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Mkewe, Lucy, alikuwa msichana wa Mbweni. Alisafiri naye, akaishi naye huko, akalea watoto huko. Katika maeneo kama hayo ni wake kama yeye ndio walioweza kukaa na wanawake wenzao barazani na jikoni, mahali ambapo kasisi wa kiume hakukaribishwa. Lakini jaribu kuitafuta habari yake. Utamkuta mara moja, katika sentensi moja, akiwa mke wa fulani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lucy alikuwepo, na lake bado halipo.

Hapo ndipo ninapoona hasara ya kwanza ya kumsomesha mtu kwa ajili ya mwingine. Kazi yake yote huandikwa kwenye daftari la yule mwingine. Mume akifaulu, mke "alimuunga mkono". Mtoto akifaulu, mama "alimlea vizuri". Parokia ikistawi, kasisi alikuwa hodari. Baada ya miaka 100 tunasimama na kusema kwa uhakika kwamba wanawake wa enzi hizo hawakuwa na mchango mkubwa, kwa sababu hatuoni majina yao. Majina hayo yalifutwa na lengo la shule yenyewe.

Waliokataa kukaa walipowekwa

Lakini elimu ina tabia moja ya ukaidi: ikishamwingia mtu haikubali kufanya kazi moja tu iliyotumwa. Nitataja wanawake watatu.

Wa kwanza ni Sibusisiwe Makhanya, Mzulu aliyezaliwa Natal mwaka 1894. Alisoma Inanda, shule ya bweni ya wasichana karibu na Durban iliyofunguliwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1869, chini ya mjane Mary Edwards. Inanda nayo ilianza kama kiwanda cha wake: wachungaji na walimu wa Kizulu waliosomeshwa na misheni walihitaji wenzi. Ila mlango ulipofunguliwa waliingia na wengine, wakiwamo wasichana waliotoroka kwao kukwepa kuozwa kwa wasiowataka. Shule iliyojengwa ili kuandaa ndoa ikageuka kimbilio la wanaoikimbia ndoa.

Makhanya alisomea ualimu, akafundisha, na mwaka 1919 akaanzisha chama cha kuwaongoza vijana wa kike. Mwaka 1927 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Phelps-Stokes, mfuko uleule uliomleta Aggrey Afrika Mashariki. Wafadhili walikuwa wamempangia: asome Penn School huko South Carolina, ajifunze maendeleo ya kijiji kwa namna waliyoona inamfaa Mwafrika, arudi kwao. Makhanya alitaka zaidi. Aliachana na wafadhili wake, akatafuta fedha kwa njia zake na kwenda kusoma Columbia, New York. Aliporudi Natal mwaka 1930 alifanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miongo mingi. Hakuolewa. Inafaa kulitafakari hili: taasisi iliyoisambaza hoja ya kumsomesha mwanamke kwa manufaa ya jamii ndiyo iliyoshindwa kumvumilia mwanamke aliyetaka kujichagulia masomo yake.

Wa pili ni Irene Drusilla Namaganda, binti wa mchungaji, mwanafunzi wa Gayaza. Huyu ndiye aliyekuwa ushahidi kamili kwamba shule ile imefaulu. Mwaka 1914 aliolewa na Kabaka Daudi Chwa katika kanisa la Namirembe, kwa ndoa ya Kikristo. Akawa Nabagereka, yaani malkia. Kama Gayaza ilikuwa na shabaha moja, mshale ulikuwa umepiga katikati. Mwaka 1924 alimzaa Muteesa, ambaye baadaye angekuwa Kabaka na rais wa kwanza wa Uganda.

Daudi Chwa alifariki mwaka 1939. Mwanawe akarithi, na Namaganda akawa Namasole, yaani mama wa Kabaka. Mila ya Buganda ilikuwa kali: Namasole haolewi tena. Anapewa kasri lake na heshima yake, na hapo maisha yake kama mwanamke yanafungwa. Mwaka 1941, mjane huyu, mwenye umri wa miaka 40 na kitu, alisema anataka kuolewa, tena na kijana asiye na cheo aliyeitwa Peter Kigozi. Alitaka ndoa ya kanisani, kama alivyofundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume na mwanamke wakipendana waende madhabahuni. Askofu aliruhusu. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, hakuzuia.

Nchi ilichafuka. Machifu na wasomi walikuja juu, wakiwamo wanaume wa tabaka lilelile ambalo Gayaza ilianzishwa kuliandalia wake. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu. Namaganda alivuliwa cheo cha Namasole. Ndoa alifunga.

Kisa hiki husimuliwa kama kashfa ya ikulu, na watu hucheka pembeni. Mimi nakiona kama mtihani wa mwisho wa elimu ya mwaka 1905, na msichana aliufanya akiwa na miaka 45. Alikuwa amefundishwa kwamba ndoa ni hiari ya watu wawili mbele za Mungu. Alipolitumia somo hilo kwa faida yake, si ya dola wala ya Kanisa wala ya mwanawe, waliolipia somo wakashtuka. Walimtaka awe ameelimika, ila si kwa kiwango cha kuamua.

Hisabati, mshahara na kaulimbiu

Wa tatu ni Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima, Bunyoro, ambaye wengi wanamjua kwa jina la ndoa, Sarah Ntiro. Mumewe, mchoraji Sam Ntiro, alitoka Kilimanjaro na ndiye aliyekuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika jijini London.

Kabla ya yote, tazama Makerere ilivyokuwa. Chuo kilianzishwa mwaka 1922, na kaulimbiu yake ilimaanisha "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 walipoingia wanawake sita wa kwanza, kaulimbiu ilibidi ibadilishwe, ikawa ya kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Ni rahisi kubadilisha maandishi yaliyo kwenye nembo. Lakini Sarah alipojiunga na chuo hicho alitaka kusoma hisabati. Alipoingia darasani, mhadhiri alikataa kufundisha iwapo kuna mwanamke. Ikabidi yeye ndiye atoke, akasoma masomo mengine.

Aliendelea hadi Oxford, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Alirudi Uganda, akapangiwa kufundisha, na kituo chake kilikuwa Gayaza. Akaambiwa mshahara wake utakuwa chini ya ule wa walimu wanaume wenye sifa kama zake. Alikataa. Alisema afadhali afundishe bure kuliko kupokea malipo ya kumdharau. Jambo hilo lilifika juu serikalini, na hatimaye alilipwa kama wenzake wa kiume.

Miaka 50 kabla yake, katika uwanja uleule wa Gayaza, wasichana walishikishwa jembe ili watu wawe na hakika kwamba kusoma hakujawafanya wadai makuu. Sasa alikuwa amekuja mwalimu anayedai. Na dai lake halikuwa la jamii, wala la familia, wala la taifa. Lilikuwa lake: nimefanya kazi ileile, nilipeni kileile. Matunda yake waliyala walimu wengine wa kike baadaye, ni kweli, lakini hayakuanza kwa kuwafikiria wengine. Yalianza kwa mtu mmoja kukataa kupunjwa.

Mkopo wenye masharti

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba msemo wa Aggrey umefungua milango mingi. Ni kweli. Mzee wa kijijini anayeuza ng'ombe ili alipe ada anahitaji sababu, na sababu aliyokuwa tayari kuisikia ni ile inayomgusa yeye: binti atakusaidia uzeeni, atalea wajukuu wenye afya, ataiinua nyumba. Bila kuahidi wake wema, pengine hata wale wanne wa kwanza wasingefika Gayaza. Mwanaharakati anayegonga mlango wa mzazi mgumu na atumie ufunguo wowote unaofungua, sitamlaumu.

Nitaambiwa pia kwamba Mwafrika haishi peke yake, kwamba hata mvulana husoma kwa ajili ya ukoo. Hapo ndipo ninapotaka tuwe wakweli. Nenda kwenye mahafali ya shule ya wavulana usikilize. Mgeni rasmi atawaambia wawe wahandisi na marubani, na kwamba mabunge yanawasubiri. Hatawaambia kwamba wamesomeshwa ili wawe baba wema, ingawa nchi hii ina uhaba mkubwa zaidi wa baba wema kuliko wa marubani. Malezi yamebebeshwa cheti cha msichana peke yake. Mvulana anasoma apate. Msichana anasoma agawe.

Ubaya wa sababu ya namna hii ni kwamba inageuza haki kuwa mkopo. Aliyepewa kitu kwa sharti la kuwafaa wengine anaweza kunyang'anywa siku watakayoamua kwamba hafai tena. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Kwa miaka mingi Tanzania, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule moja kwa moja. Hoja iliyotolewa kila mara ilikuwa ile ya mfano mbaya kwa wenzake na gharama isiyo na tija kwa taifa. Uwezo wake wa hesabu ulikuwa uleule wa wiki iliyopita. Ubongo haukuwa umeguswa. Kilichokwisha ni matumaini ya waliomsomesha kwamba atatoka kama walivyomtaka. Mkopo ukaitishwa.

Angalia na sheria ya ndoa. Sheria ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha miaka 18. Mwaka 2016, baada ya Rebeca Gyumi kufungua shauri, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi ule. Miaka mitatu ya kubishana mahakamani kuhusu mtoto wa miaka 15! Lakini ukishakubali kwamba elimu ya msichana ni maandalizi ya ndoa, huwezi kushangaa mtu akiuliza kwa nini tusifupishe maandalizi mwoaji akiwa ameshapatikana. Ni mantiki ileile ya posa iliyokuwa ikifunga masomo miaka 100 iliyopita, ila safari hii imevaa joho la wakili.

Hata katika mambo madogo ya kila siku hoja hii inafanya kazi kimyakimya. Inafanya kazi pale ada ya kaka inapolipwa kwanza kwa sababu dada "ataolewa tu, aende na elimu yake kwa watu". Inafanya kazi pale binti mwenye alama nzuri za fizikia anaposhauriwa achukue mchepuo "utakaomwachia muda wa familia". Inafanya kazi pale mwanamke mwenye shahada ya pili, asiye na mume wala mtoto, anapotazamwa kwenye kikao cha ukoo kama mradi uliokwama. Anayemtazama hivyo si mkatili. Aliambiwa kwamba elimu ya mwanamke huonekana kwa watoto wake, na sasa anawatafuta watoto ili aione.

Tuanzie wapi

Wa kuanza ni walimu wakuu wa shule za wasichana. Shule kongwe zina rejesta za wanafunzi tangu zilipofunguliwa, na baadhi zinaliwa na mchwa stoo. Zitolewe, ziandikwe upya, na mbele ya kila jina itafutwe habari ya maisha yake: alifanya nini, alisoma nini baada ya hapo, aliandika nini, alilima nini, aligombea nini. Safu ya "aliolewa na nani" iwepo kwa anayeitaka, ila isiwe ya kwanza. Wanawake waliosoma miaka ya 1940 na 1950 wangali hai wachache sana. Wanafunzi wa kidato cha tatu wapewe kazi ya mradi ya kuwahoji bibi zao, kabla sauti hizo hazijapotea kama ya Lucy wa Mbweni.

Wazazi nao wanaweza kufanya jambo moja lisilogharimu hata senti. Wamuulize binti anataka kusoma nini, kisha wanyamaze wasikilize jibu hadi mwisho, hata kama jibu ni unajimu wa anga au ufundi wa magari, hata kama hawaoni litawafaa nini wao.

Lililo zito zaidi ni la Serikali na Bunge. Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na waraka ukatolewa. Ni hatua kubwa na walioipigania wanastahili pongezi. Lakini waraka hutolewa kwa kalamu ya mtu mmoja, na kalamu ya mtu mwingine inaweza kuufuta waziri akibadilika au upepo wa siasa ukigeuka. Haki ya binti kusoma isitegemee huruma ya aliye ofisini wala hesabu ya faida atakayoileta kwa taifa. Mahali pake ni ndani ya Sheria ya Elimu, kwa maneno mafupi yasiyo na sharti: mtoto wa kike ana haki ya kumaliza masomo yake, na hakuna ujauzito, posa wala ndoa itakayoiondoa haki hiyo. Wabunge wengi, wanaume na wanawake, wamewahi kusimama kama wageni rasmi kwenye mahafali ya wasichana na kuwatakia mema. Kifungu hicho ndicho kipimo cha kama walimaanisha.